Aptama za RNA ndani ya hamira, Kisumu: nyota tatu, na nitakueleza nyota mbili zilikopotelea

Kifurushi kililetwa na kijana wa boda saa kumi jioni, mawingu yakiwa yamejikusanya upande wa ziwa. Bahasha ya kaki, ukubwa wa daftari. "Mathe, ni hii tu?" akaniuliza, kwa sababu tangu asubuhi nilikuwa nimempigia simu mara nne kana kwamba amebeba figo ya mtu. Ni hiyo tu. Ndani mlikuwa na vichupa vitatu vya plastiki ambavyo ukivitazama utaapa ni vitupu. DNA iliyokaushwa ni ukungu tu kwenye kitako cha kichupa, na siku nyingine hata ukungu wenyewe huuoni. Shilingi 58,400, usafiri ukiwa ndani.

Mimi ni fundi wa maabara katika chuo kimoja hapa mjini, mwaka wa kumi na nne sasa. Nimeosha vyombo vya kioo vya maprofesa watatu na nimewazika wawili. Ninaandika haya kwa sababu wanafunzi wa uzamili, wa Maseno na hata wa Kakamega, wamekuwa wakinijia na swali moja: "Madam, hizi aptama zinafanya kazi kweli, ama ni za kwenye makaratasi?" Zinafanya. Shida ni kwamba unauziwa nusu ya mzigo, na hiyo nusu nyingine hutajua unaihitaji mpaka siku unayoanza kufurahia matokeo yako.

Kwa asiyezijua: aptama ni kipande kifupi cha RNA (ndugu wa DNA, mwenye uzi mmoja) ambacho hujikunja chenyewe kikapata mashimo na vifundo, na kwa umbo hilo kikashika protini moja na kuziacha nyingine. Jina lilitokana na neno la Kilatini lenye maana ya kufaa, kukaa sawasawa. Zinavyopatikana, fikiria Jumapili pale soko la Kibuye kwenye viatu vya mitumba. Hakuna anayekushonea kiatu. Unamwagiwa gunia, unajaribu kimoja kimoja, kinachobana unatupa, kinachopwaya unatupa. Tofauti ni kwamba gunia la maabara lina RNA kama trilioni mia moja, kila moja na mpangilio wake wa herufi, na mguu wenyewe ni protini. Zilizong'ang'ania protini zinabakishwa, zinazalishwa ziwe nyingi, zinajaribiwa tena, mizunguko minane, kumi, kumi na miwili. Mbinu hiyo ilitangazwa mwaka wa 1990 na maabara mbili za Marekani ambazo kila moja ilikuwa kivyake: Craig Tuerk na Larry Gold kule Colorado, Andrew Ellington na Jack Szostak kule Boston.

Watu wengi walizisikia kupitia Macugen, dawa ya macho iliyoidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2004. Hiyo ni aptama, lakini inafanya kazi nje ya seli na imetiwa kemikali za kuikinga isiliwe na vimeng'enya. Niliyonunua mimi ni ya aina nyingine. RNA yenyewe haisafiri kabisa. Kinachosafiri ni DNA yenye maagizo, unaiingiza kwenye seli, na seli inajitengenezea aptama yake humo humo, tupu, bila kinga. Michael Famulok na wenzake Ujerumani walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba inawezekana, 1999, na baadaye aptama za aina hii zikaitwa intrama.

Mtu wa Kisumu anapaswa kulipenda hilo kabla hata ya kufika kwenye sayansi. Kingamwili, ambazo ndizo maabara nyingi hutumia kushikia protini, zinataka baridi njia nzima. Nimewahi kupokea kingamwili ambazo barafu yake ilikuwa imegeuka maji ya uvuguvugu, na muuzaji akanijibu kwamba "bidhaa iliondoka kwetu ikiwa katika hali nzuri." DNA kavu haijali. Mzigo huu ulikwama Nairobi siku tisa ukisubiri muhuri wa afisa mmoja, kisha ukalala usiku mmoja kwenye basi, na ulipofika nilitia maji safi, nikasubiri kidogo, nikapima: kiasi kilikuwa kile kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Hapo nyota ya kwanza, bila ubishi.

Nyota ya pili ni ya swali ambalo chombo hiki kinaweza kuuliza. Nikiwa na hamira na nataka kujua protini fulani inafanya nini, njia ya kawaida ni kuifuta jeni yake. Sawa. Lakini mchukue mama mmoja wa samaki pale Dunga. Yeye ndiye anayenunua mbuta kwa wavuvi, ndiye anayekopesha wenzake, ndiye mweka hazina wa chama. Mwondoe, na ufuo mzima utayumba. Utaandika kwenye daftari lako kwamba huyu mama ana umuhimu, jambo ambalo hata mtoto angekwambia. Aptama haimwondoi. Inamshika mkono wa kulia asubuhi moja, yeye mwenyewe akiwa pale pale amesimama, anaongea na kulaumu watu, halafu unatazama ni kazi gani imelala.

Huo si mfano wa kusisimua tu. Maabara ya John Lis, Chuo Kikuu cha Cornell, ilitengeneza aptama dhidi ya protini ya inzi iitwayo B52, inayohusika na ukataji na uunganishaji wa RNA, wakaipanga mara tano kwenye uzi mmoja, wakaiwasha ndani ya inzi hai. Inzi waliokuwa wamezidishiwa B52 hadi wakaharibika maumbile, walirudi sawa. Hiyo ni 1999 vilevile. Halafu mwaka wa 2004 kundi la Famulok likatoa aptama iliyotofautisha protini mbili ndugu, cytohesin-1 na cytohesin-2, ambazo zinafanana kama mapacha wa kanisani waliovalishwa sare, na kwa njia hiyo wakajua ni ipi kati yao inayoendesha kazi waliyokuwa wakiichunguza. Kemikali za kawaida mara nyingi huwapiga ndugu wote wawili pamoja.

Basi nilichoagiza. Kichupa cha kwanza: Broccoli, aptama ya herufi 49 ambayo haishiki protini bali inashika rangi ya DFHBI-1T, na ikiishika tu rangi inang'aa kijani. Ilitoka maabara ya Samie Jaffrey, New York, 2014, baada ya Spinach ya 2011. (Ndiyo, sukumawiki bado hawajafikia.) Kichupa cha pili: aptama ya p50, moja ya sehemu za NF-kappa-B, protini inayowasha jeni nyingi za uvimbe na kinga mwilini. Kichupa cha tatu: protini p50 yenyewe, yaani DNA yake, kwa matumizi ya hamira. Rangi nililipia kando, haimo kwenye hiyo 58,400.

Nilianza na Broccoli kwa sababu nina tabia ya kuonja chumvi kabla ya kupakua. Bakteria wa kawaida wa maabara, usiku mmoja, kisha rangi. Hatuna mashine ya kupigia picha za mng'ao. Nilinunua balbu ndogo za taa ya samawati duka la vifaa vya umeme mjini, nikafunika kwa faili ya plastiki ya rangi ya chungwa ya kuwekea vyeti. Nikazima taa ya chumba. Atieno, mwanafunzi wangu wa mwaka wa tatu, akapiga yowe ambalo mlinzi alikuja kuliulizia. Vidoa vya kijani sahani nzima! Sahani ya pembeni, isiyo na Broccoli, giza. Kama wewe ni mwalimu na una pesa za kitu kimoja tu, nunua kichupa hiki uache vingine. Hapo nyota ya tatu. Angalizo moja: rangi huja imeyeyushwa ndani ya kiyeyushi cha DMSO, na DMSO huganda chini ya nyuzi 18 hivi. Ukiitoa kwenye friji utadhani imeharibika. Iache mezani, Kisumu itaiyeyusha yenyewe.

Kisha p50, ambapo ndipo pesa zilipokwenda.

Aptama hii ina historia ninayoipenda. James Maher na wenzake wa Mayo Clinic waliichagua kwenye mirija mwaka wa 1999, ikawa inashika p50 kwa nguvu. Walipoitia ndani ya hamira, nguvu ile ikapungua. Wakafanya jambo ambalo mfanyabiashara yeyote wa soko la Jubilee angelifanya: wakaacha kuchagulia dukani, wakaenda kuchagulia sokoni. Yaani uteuzi wa pili wakaufanyia ndani ya hamira hai, na 2003 wakatangaza aptama iliyoboreshwa. Sababu za RNA kulegea ndani ya seli si siri. Kwenye mirija tunaimwagia magnesiamu ya kutosha ijikunje vizuri, ndani ya seli magnesiamu iliyo huru ni kidogo zaidi. Halafu kuna vimeng'enya vinavyoitafuna, na kuna msongamano wa protini nyingine ambazo zote zinapenda kugusa RNA. Mwaka huo huo wa 2003 picha za fuwele zilionyesha kwa nini inaziba p50: inajifanya DNA. Inakaa pale pale ambapo DNA ingekaa.

Jaribio langu lilikuwa la kijijini kabisa. Hamira haina p50 yake, ndiyo sababu inafaa. Hakuna ndugu wa kuleta fujo. Tuliipa p50 iliyounganishwa na kipande cha kuwashia jeni, na jeni ya kuwashwa ni ile inayogeuza sahani kuwa samawati. p50 ikikalia DNA, samawati. Aptama ikiikalia p50, samawati inafifia. Hamira hupenda nyuzi 30, na Februari hapa meza ya dirishani ni nyuzi 30, kwa hiyo hata stima ilipopotea Jumanne nzima sikuwa na presha.

Siku ya nne nikawa na sahani mbili. Ya kushoto samawati ya kuiva, kama sare ya shule iliyonunuliwa jana. Ya kulia, yenye aptama, samawati ya sare ya darasa la nane. Nilimtumia picha Daktari, mtafiti ninayefanya naye kazi maabara. Akanijibu kwa neno moja: "Pacha?"

Nikajua mara moja, na nikaona aibu kwamba nilihitaji kukumbushwa.

Hamira iliyobebeshwa plazimidi ya pili (pete ndogo ya DNA ya ziada) ni hamira yenye mzigo. Inakua polepole, inatengeneza RNA kwa wingi mchana na usiku, imechoka. Inaweza kufifia kwa uchovu tu, bila aptama kugusa p50 hata kidogo. Njia ya kujua ni kuwa na pacha: RNA ile ile, urefu ule ule, promota ile ile (kipande cha DNA kinachoanzisha uandikaji wa RNA), ila herufi moja au mbili zimebadilishwa mahali panapogusa protini, kwa hiyo inajikunja na kuzurura ndani ya seli lakini haishiki kitu. Pacha asiye na mkono. Kila karatasi ya maana niliyosoma juu ya intrama inaye. Kifurushi changu hakikuwa naye, na karatasi ya maelezo ya kurasa sita haikumtaja hata kwenye mstari mdogo wa chini.

Nikawaandikia. Siku ya kwanza kimya. Siku ya tano nikapata barua yenye salamu nyingi, ikiniambia kwamba "vidhibiti vinauzwa kando" na kiungo cha kulipia. Bei ya pacha: sawa na bei ya aptama yenyewe. Nikawajibu kwamba anayeuza mizani bila jiwe la kupimia amekuuzia pambo la dukani. Hawakujibu hilo. Kwa hiyo nyota ya kwanza kati ya zile mbili ilipotelea hapo, na hairudi.

Pacha nikamtengeneza mwenyewe. Si kazi ngumu kama una mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA: praima mbili (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala) zenye kosa la makusudi katikati, nakala za plazimidi nzima, kisha kimeng'enya cha DpnI kinachokula plazimidi mama kwa sababu yeye ana alama za kemikali ziitwazo methili na watoto hawana. Bakteria, usiku mmoja, chukua vidoa vinne, peleka vikasomwe herufi. Vitatu vilikuwa na kosa nililotaka. Cha nne kilikuwa na kosa langu na la kwake juu. Wiki tatu kwa jumla, nyingi zikiwa za kusubiri praima.

Sasa sikiliza matokeo. Tuliacha kutazama rangi kwa macho, tukapima kwa ONPG, kemikali ile inayogeuka manjano jeni ikifanya kazi, kwenye mashine ya kusomea mwanga tuliyoazima jengo la pili, mara tatu kwa siku tatu tofauti. Hamira yenye p50 bila RNA yoyote tukaiita 100. Yenye aptama ilikuwa 46. Yenye pacha asiye na mkono: 81.

81! Ningeandika kwamba aptama imepunguza kazi ya p50 kwa zaidi ya nusu, na ningekuwa nimejitwalia pointi 19 ambazo ni za uchovu wa hamira tu. Kinachohesabika ni kutoka 81 kwenda 46. Bado ni kitu, na nilifurahi. Lakini sasa nilifurahia ya kwangu. Daktari akasema pia tuhakikishe p50 ipo kwa wingi ule ule katika hamira zote tatu, kwa kuwa maana yote ya aptama ni kwamba protini imebaki na imefungwa mkono tu. Tukapima. Ipo.

Nyota ya pili iliyopotea ni ya mambo madogo madogo, nayataja haraka. Ramani ya plazimidi waliyotuma ilikuwa ya toleo la zamani. Promota ni ya polimerasi ya tatu (kimeng'enya kinachoandika RNA kutoka DNA), jambo zuri kwa RNA fupi, ila hawakumwonya mnunuzi kwamba polimerasi hiyo ikikutana na mfululizo wa herufi T nyingi inashuka kama abiria aliyefika stendi; mtu akitaka kubandika aptama yake humo asipojua hilo atapata RNA iliyokatika. Na vibandiko vya vichupa vilitoka kwa spiriti. Andika namba kwenye kifuniko kwa kalamu kabla hujafanya lolote.

Kuna swali ambalo huku kwetu halikosi kuulizwa, hasa na vijana wanaopita kituo cha utafiti cha Kisian kwenye masomo ya nje: je, naweza kutumia aptama kwa malaria? Tayari zinatumika, lakini kwa ujanja mwingine, usichanganye. Kimelea Plasmodium falciparum hana mitambo ya kuzima jeni kwa RNA ndogo kama tulivyo nayo sisi, kwa hiyo mlango huo umefungwa. Kundi la Jacquin Niles pale MIT likapitia dirishani, 2014, na mfumo mpana zaidi 2016. Wanabandika aptama kwenye RNA-jumbe (RNA inayobeba maagizo ya kutengeneza protini) ya protini wanayoichunguza. Aptama hiyo inashika protini ya bakteria iitwayo TetR, na TetR ikikaa pale ribosomu, mashine ya seli ya kutengeneza protini, haisomi ujumbe, protini haitengenezwi. Ukitia dawa ya anhidrotetrasaiklini, TetR inaachia na protini inarudi. Ukiondoa dawa, protini inapungua, unatazama kimelea anakufa au anaishi. Kwa hiyo huko aptama ni komeo la mlango wa kiwanda. Kwenye jaribio langu ni mkono uliomshika mfanyakazi. Ukiagiza moja ukitaka nyingine, hakuna atakayekurudishia pesa.

Nani anunue? Mwalimu wa chuo, Broccoli, leo. Mwanafunzi wa uzamili mwenye protini ambayo aptama yake tayari imechapishwa na imejaribiwa ndani ya seli, si kwenye mirija tu, anunue, akiwa na bajeti ya pacha tangu siku ya kwanza na wiki tatu za ziada. Mwenye protini ambayo haijawahi kupata aptama, asidanganywe na bei ya vichupa: hapo atalazimika kuanza na gunia zima la Kibuye, mizunguko kumi, kisha aombe iliyoshinda kwenye mirija iwe na nguvu pia ndani ya seli. Kama jeni inafutika kirahisi na swali ni "ipo kazi au haipo," aifute, ahifadhi pesa zake.

Pacha wangu yupo kwenye friza, rafu ya pili, kichupa chenye kifuniko chekundu. Anayefanya kazi na p50 ndani ya hamira aje na barua ya msimamizi wake na vichupa vyake mwenyewe, nitamkatia kipande bure. Jumatano alasiri ndiyo nzuri. Jumanne stima hatuiamini.